ITUPE SHAKA, JENGA JUU YA YAKINI



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, ninakuusieni na ninaiusia nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu.

Ndugu mmoja alipakia mifuko ya mchele katika mtumbwi wa mashine hapa Kindu, uteremke Lualaba mpaka Ubundu. Feza ya ule mchele ilikuwa ya deni. Siku ya tatu, simu ya mwenye mtumbwi ikawa haipatikani. Usiku kucha ndugu yetu akawa macho: "Lau ningengojea juma lijalo! Na kama umezama? Na minervali ya watoto?" Alikuja akaniambia: "Shehe, hata Isha naikariri mara tatu, sijui nimesali rakaa ngapi."

Ndugu yangu, nani kati yetu hajapitisha usiku kama ule?

Nilimjibu kwa hukumu anayofundishwa kila mtoto wa madrasa. Katika hadithi ya Abu Said al-Khudri (r.a.), aliyoipokea Imamu Muslim, Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba mwenye kushuku kama amesali rakaa tatu au nne aitupe shaka, ajenge juu ya yakini, kisha asujudu sijida mbili kabla ya salamu.

Tazama basi. Hakuambiwa aianze sala upya mpaka moyo uridhike. Sheria imeiwekea shaka mwisho: shika yakini, kamilisha, sujudu, toa salamu. Ikiwa sala, nguzo ya dini, inapokelewa namna hiyo, vipi sisi tuidai dunia itupe uhakika wote ndipo tulale?

Sisemi tusifikiri. Fikra njema huishia katika tendo. Wasiwasi huzunguka palepale mpaka alfajiri. Nabii Yaakub (a.s.) aliwaagiza wanawe waingie kwa milango mbalimbali, na papo hapo akakiri kuwa hukumu ni ya Mungu na kwake ametegemea (Sura Yusuf, aya 67). Alipanga, kisha akategemea.

Kwa hiyo fanya haya:

Kwanza, jiulize: kuna la kufanya? Likiwepo, lifanye mchana. Uliza bandarini. Mwendee anayekudai, mwambie ukweli kabla ya siku ya ahadi. Jambo likiwa na njia mbili, taka shauri, sali rakaa mbili za istikhara, kisha shika njia moja.

Pili, kwa yaliyopita acha neno "lau". Mtume (s.a.w.) alitukataza, kwa kuwa neno hilo humfungulia Shetani kazi yake. Kiri kuwa ni kadari ya Mungu.

Tatu, usiku soma ile dua ya Mtume (s.a.w.) ya kujikinga na hamm na hazan. Wanazuoni wameeleza kuwa hamm ni dhiki ya yajayo, na hazan ni majonzi ya yaliyopita. Katika dua hiyo hiyo alijikinga pia na uzito wa deni.

Nne, usingizi ukikukimbia juma baada ya juma na chakula kikakushinda, usijifiche. Mwambie mwenzako wa nyumbani, kisha nenda kwa daktari. Mtume (s.a.w.) alituamuru kutafuta dawa, si upungufu wa imani.

Ule mchele ulifika siku ya tano, mifuko mingine imelowana. Kukesha kwake hakukuzuia hata mfuko mmoja usilowe. Lakini asubuhi ile aliyomwendea anayemdai, alipewa muda wa mwezi mzima. Pima mwenyewe, usiku na asubuhi, ni kipi kilichomfaa.

Ewe Mola wetu, tuondolee wasiwasi, tulipie madeni yetu, tupe usingizi wa amani na tuamshe kwa sala ya alfajiri. Amin.

Wabillahi tawfiq.