Shilingi ya Dawa na Shilingi ya Swali

Ewe msomaji, ikiwa una shilingi moja tu, na mbele yako yuko mgonjwa, je, utainunulia dawa, au utaitumia kuuliza kama dawa hiyo yafaa? Jawabu laonekana jepesi. Nami nililiona jepesi mpaka jioni moja hapa Donholm, wazazi wa mtaa walipokutana kuzungumza juu ya zahanati. Mama mmoja muuza mboga alisimama akasema, “Tukienda kutibiwa twaambiwa dawa hakuna, tukanunue nje. Kisha redioni twasikia serikali yaombwa fedha zaidi za utafiti. Utafiti huo mtoto wangu ataunywa kwa kijiko?” Watu walicheka, wakampigia makofi. Mimi, mwalimu wa walimu, nilitazama chini. Hasira yake ilikuwa ya haki.

Jawabu nililikuta baadaye katika habari za jaribio moja. Kwa miaka mingi, mtoto aliyeletwa hospitalini akiwaka homa, mikono baridi, mshipa ukipiga mbio, ilikuwa desturi kumwekea maji mshipani upesi na kwa wingi. Ndivyo ilivyofundishwa, na ndivyo ilivyotendwa katika nchi tajiri. Tena mtoto alionekana kupata nafuu mbele ya macho ya mamaye. Nani angetia shaka?

Kati ya 2009 na 2011, katika hospitali 6 za Kenya, Uganda na Tanzania, Kilifi ikiwa mojawapo, wataalamu walioongozwa na daktari wa watoto Kathryn Maitland walithubutu kutia shaka. Watoto 3,141 waliingia katika jaribio. Wote walitibiwa maradhi yao, lakini kwa kura wengine waliwekewa maji ya upesi na wengine hawakuwekewa. (Mtoto aliyekaukiwa kwa kuhara hakuwamo, huyo maji ndiyo uhai wake.) Ikadhihirika kwamba waliopewa maji ya upesi walichangamka mapema zaidi, kisha wakafa wengi zaidi. Katika saa 48, kati ya kila watoto 100 waliopewa walikufa kama 11. Kati ya 100 wasiopewa, kama 7. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati wake.

Lifikiri jambo hili polepole. Madaktari wa zamani hawakuwa wakatili wala wavivu. Huruma yao ilikuwa timilifu. Kilichopungua ni maarifa. Wala hapana muuguzi, hata awe mwerevu namna gani, awezaye kuona tofauti ya 7 na 11 akiwa amesimama kando ya kitanda kimoja. Huonekana kwa hesabu tu, na hesabu hugharimu fedha. Shilingi ya dawa isiyoulizwa yaweza kununua mauti.

Utaniuliza: je, ni halali kumpigia mtoto kura? Nasema kura ni dhuluma pale mpigaji ajuapo lililo bora akalificha. Asipojua yeye wala mwenziwe, desturi nayo ni kura, ila matokeo yake hayaandikwi. Lakini liko jambo jingine zito. Mtoto alipokuwa mahututi, mzazi aliweza kuombwa idhini ya mdomo kwanza, ya maandishi baadaye. Mama aliyemkumbatia mwana anayekata roho, ana uhuru gani wa kukataa? Hapo nakiri kwamba moyo wangu hautulii.

Fedha za jaribio hilo zilitoka kwa Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, yaani kodi ya raia wa huko. Tuwashukuru, lakini mlipaji ndiye mchaguzi wa swali. Sisi tunayo taasisi yetu ya utafiti wa tiba, KEMRI, tangu 1979. Na sheria yetu ya 2013 iliagiza asilimia 2 ya pato la taifa itengwe kila mwaka kwa utafiti. Kilichotolewa kimekuwa chini mno ya kiwango hicho. Basi nani atauliza dawa hupotelea wapi kati ya bohari na dirisha la zahanati? Hilo nalo ni swali la utafiti, na aliyeliuliza kwanza ni yule muuza mboga.

Nilikwenda kibandani kwake nikamsimulia. Nikamweleza pia kwamba Shirika la Afya Duniani lilibadili mwongozo wake juu ya maji hayo katika 2016.

“Na jaribio lilikwisha lini?” akauliza.

“2011.”

“Katika miaka hiyo mitano, watoto waliendelea kuwekewa?”

Nikamwambia, mahali pengine, ndiyo. Hakusema neno. Akaendelea kukata sukuma wiki yangu, taratibu kuliko kawaida yake.