Picha ya Idi ya Watu Walio Mbali

Idi ikikaribia, jamaa zangu hunitumia picha za simu. Mmoja kasimama nje ya duka lake Muscat, kanzu nyeupe pe, jua la adhuhuri utosini. Mwingine yuko sebuleni Leicester, mwanga wa dirishani umepooza. Bi Mkubwa yuko hapa Mombasa, kakaa barazani na leso yake mpya. Kazi yangu ni kuwakutanisha kwenye picha moja ya kuwatakia watu Idi njema.

Kumkata mtu kutoka kwenye picha yake si tabu tena. Programu ya Photoshop ilipotoka mwaka 1990 ilikuwa shughuli. Toleo la 1994 ndilo lililoleta matabaka, na sasa kila mtu hukaa kwenye tabaka lake, ukamsogeza bila kumgusa jirani yake. Tabu iko kwenye mwanga. Wa Muscat ana kivuli kikali chini ya pua na kidevu. Wa Leicester hana kivuli kabisa. Ukiwasimamisha bega kwa bega vivyo hivyo, jicho linakataa hata kama mtazamaji hajui sababu. Basi napunguza weupe wa kanzu, natia umanjano kidogo kwenye uso wa huyu wa baridini, kisha nachora kivuli cha miguu sakafuni, laini, kikilalia upande uleule wa kivuli cha Bi Mkubwa. Hapo ndipo mtu hukanyaga chini. Bila kivuli hicho, anaelea.

Wapo wanaosema huu ni uongo ulioletwa na kompyuta. Lakini mwaka 1857 mpiga picha Oscar Rejlander, huko Uingereza, aliunganisha negativu zipatazo thelathini kuwa picha moja. Hapa kwetu, marehemu Omar Said Bakor wa Lamu alikuwa akiunganisha picha studioni kwake kabla Photoshop haijazaliwa. Na waliovuka Likoni miaka ya 1990 wanavikumbuka vibanda vya wapiga picha karibu na kivuko, na mapazia yake yaliyochorwa. Kibarua kutoka bara alipiga picha mbele ya pazia, akaituma kwao. Mimi siiti hiyo hadaa. Ni salamu.

Lakini kuna ombi ninalolikataa. Mpwa wangu mmoja, baada ya talaka, aliniletea picha ya Idi ya zamani. “Mjomba, mtoe tu huyu.” Niliikuza picha. Mkono wa yule mama ulikuwa umeshika bega la mwanawe, vidole vimezama kidogo kwenye kitambaa cha kanzu. Kumtoa kungenilazimu nimtengenezee mtoto bega jipya. Nilimwambia mpwa wangu hapana, na akakasirika. Mtoto yule atakua, ataitafuta siku ile aliposimama na mamaye, na mimi sina haki ya kumnyang’anya. Aliye mbali nikimtia kwenye picha, naonyesha hamu yetu. Aliyekuwepo nikimfuta, namkanushia mtu maisha yake.

Machi 2024 mashirika makubwa ya habari, AP, Reuters na AFP, yaliiondoa picha ya Catherine, mke wa mrithi wa ufalme wa Uingereza, na wanawe, iliyotolewa kwa Siku ya Akina Mama. Ilikuwa imehaririwa, mkono wa sweta wa binti yake Charlotte haukuungana sawasawa. Wengi walishangaa makelele yale yote kwa picha ya familia. Mimi naona mashirika yalifanya haki, kwa kuwa picha ya habari ni ushahidi. Yetu ya Idi si habari leo, ila ikikaa sandukuni miaka arobaini nayo itageuka ushahidi, na wa kuieleza hatakuwepo.

Kwa hiyo kila nakala ninayochapisha naiandika nyuma kwa kalamu: nani alikuwa wapi, Idi ya mwaka gani, na kwamba picha imeunganishwa. Jamaa wengine wanaona maandishi hayo yanaharibu ladha. Sikubaliani nao, na nitaendelea kuyaandika.