Pole Siyo Samahani

Fundi alichomoa stiki ya kupimia oili, akaifuta kwenye karatasi nyeupe iliyochanwa katika daftari, kisha akaninyooshea karatasi ile. "Nusa, Mwalimu."

Nikanusa. Ilinuka kama ukoko uliosahauliwa motoni. Rangi yake ilikuwa kahawia inayoelekea weusi. Akafungua kopo jipya na kudondosha tone moja pembeni ya lile la kwanza. Tone jipya lilikuwa jekundu kama juisi ya rozela.

"Ulitakiwa uwe na hii," alisema. "Unatembelea hiyo nyingine."

Tulikuwa gereji, Mfaranyaki, hapa Songea, Jumamosi moja ya mwezi wa sita, baridi ikiwa bado haijaachia. Gari lilikuwa dogo la Kijapani, la otomatiki, tuliloachiwa na marehemu baba, mimi na kaka yangu. Kwa miezi miwili, kila nikiweka gia ya kuondoka, lilikuwa linatulia kwanza, kama mtoto aliyeitwa na hataki kuamka, halafu linaruka kwa mshtuko.

"Nikimwaga oili hii, gari linaweza kupona, linaweza pia kufa," alisema fundi. "Nisipoimwaga litakufa tu, ila halitafia mikononi mwangu. Sema wewe."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Kwenye gari la otomatiki, oili ya giaboksi ina kazi zaidi ya kulainisha vyuma. Inabeba joto na kulitoa nje, inapitisha nguvu ya injini kwenda kwenye gia, na kwa presha yake inabana pleti za klachi ili gari liende. Kazi ambayo dereva wa gari la manyuo anaifanya kwa mguu wa kushoto, humu inafanywa na oili. Kadiri inavyochemka na kuzeeka inapoteza uwezo wake, na unga wa pleti zinazolika unabaki ukielea ndani yake.

Nikamwambia amwage. Alifungua nati ya chini, akasubiri, kisha akashusha sampo. Ndani ya sampo kulikuwa na sumaku za kunasa chembe za chuma. Zilikuwa zimevaa matope ya kijivu, na katikati ya matope kulikuwa na vipande viwili vinavyong'aa. "Unga ni uzee," alisema. "Vipande ni ugonjwa. Piga picha." Nikapiga. Akasoma aina ya oili iliyoandikwa kwenye stiki, akanionyesha kopo kwamba ni aina ile ile. Akajaza, akawasha gari, akapitisha gia zote taratibu, akapima tena gari likiwa na moto. Oili chafu aliitia kwenye chupa za maji ya kunywa na kuziweka chini ya benchi lake. Sikuelewa kwa nini anazitunza.

Wiki tatu baadaye tulikuwa njiani kwenda Mbinga kwenye kipaimara cha binamu yetu, mama akiwa mbele, watoto wawili wa kaka nyuma. Tulipopita Kigonsera na kuanza kupandisha, injini ilipiga kelele lakini gari likazidi kupungua mwendo, mpaka likasimama. Tuliweka mawe nyuma ya matairi. Watoto walilia kwa sababu ya keki watakayoikosa. Gari lilirudi Songea kesho yake juu ya lori.

Jioni ile fundi alikuja nyumbani kwa miguu, bado amevaa ovaroli. Alisimama mlangoni, akamwamkia mama, akasema, "Poleni sana. Nimeumia sana niliposikia."

Alipoondoka, kaka akatugeukia. "Mmemsikia? Amekiri mwenyewe."

Nimeishi na sentensi hiyo ya kaka kwa muda mrefu kuliko nilivyoishi na ubovu wa gari.

Kiswahili kimetupa maneno mawili ambayo lugha nyingine hulazimika kuyabana katika neno moja. Samahani ni ya mtu aliyekukosea, au anayeogopa kwamba amekukosea. Pole ni ya kila mtu. Unampa pole aliyejikwaa barabarani hata kama ulikuwa ng'ambo ya pili. Unampa pole aliyefiwa, aliyebeba ndoo, aliyerudi kazini amechoka. Hakuna anayeuliza, "Kwani wewe ndiye uliyenichosha?" Kiingereza hutumia neno moja kwa yote mawili, na matokeo yake watu huogopa kulitamka mbele ya aliyeumia. Mwaka 1986, jimbo la Massachusetts nchini Marekani lilipitisha sheria kwamba maneno ya kumfariji aliyepata ajali yasitumike mahakamani kama ushahidi wa kukiri kosa. Wao ilibidi watunge sheria. Sisi tulipewa neno, na kaka yangu alilifuta kwa pumzi moja.

Lakini sitaki kumfanya kaka mjinga. Hoja yake ilikuwa na uzito: gari lilikuwa linatembea, fundi akaligusa, likafa. Hivi ndivyo tunavyofikiri karibu wote. Kwenye gereji nyingi utasikia kwamba giaboksi ya gari kuukuu haiguswi, na kwamba kulibadilishia oili ni kuliua. Wengine wanasema uchafu wa oili ya zamani ndio uliokuwa unazisaidia pleti zilizolika kushika. Wengine wanasema oili mpya huamsha uchafu uliolala na kuupeleka kwenye vitundu vyembamba. Huenda kuna ukweli humo. Lakini kuna maelezo rahisi zaidi: wengi wetu tunaikumbuka oili siku gia inapoanza kukataa. Tunampelekea fundi gari ambalo tayari linakufa, halafu tunahesabu siku kuanzia alipoligusa. Ni kama wazee wanaosema, "Alikuwa mzima mpaka alipokwenda kupimwa." Hakuwa mzima. Alikuwa hajapimwa.

Mwaka 1976, wanafalsafa Bernard Williams na Thomas Nagel waliandika juu ya nafasi ya bahati katika maadili. Williams alitoa mfano wa dereva wa lori ambaye, bila kosa lolote, anamgonga mtoto. Tutamfariji na kumwambia hana hatia. Hata hivyo, asema Williams, tungemshangaa dereva ambaye angekubali faraja hiyo upesi mno na kuendelea na safari zake. Kuna uchungu wa mtu ambaye jambo limepita mikononi mwake, na uchungu huo si kukiri kosa. Nilipousoma mfano huo nilimwona fundi mlangoni, na ovaroli yake. Angetaka kujilinda, angebaki nyumbani kwake. Alikuja kwa sababu mikono yake ilikuwa imelishika gari lile.

Na fikiria upande wa pili wa bahati hiyo. Kama giaboksi ingedumu miaka mitatu zaidi, ningemsifu fundi huyo mtaa mzima, kwa kazi ile ile, oili ile ile, maneno yale yale ya tahadhari. Sifa hizo nazo zisingekuwa haki yake yote.

Jumapili baada ya misa tulikaa kikao sebuleni. Baba mdogo ndiye aliyekuwa mwamuzi. Giaboksi iliyotumika kutoka Dar es Salaam, pamoja na kuifunga, ilikadiriwa laki tisa. Kaka alitaka fundi atoe nusu. Nusu iliyobaki tungegawana yeye na mimi. Kwa mwalimu, tofauti hiyo si ndogo, na ninakiri kwamba nilikuwa nimeshaipigia hesabu kichwani.

Baba mdogo akaniuliza, "Alikuonya kabla ya kumwaga?"

"Alisema kidogo," nilijibu.

"Kidogo ndiyo kiasi gani?"

Simu ilikuwa mapajani mwangu, na picha ya sumaku ilikuwa ndani ya simu. Tangu gari lirudi nilikuwa sijamwonyesha mtu. Sikuwa nimesema uongo hata mmoja. Nilikuwa nimeuacha ukimya ufanye kazi ambayo ulimi wangu ungeona haya kuifanya. Nikatoa simu, nikaonyesha picha, nikasema yote: kwamba alinionya kwa maneno yasiyo na kona, kwamba alinipa nafasi ya kukataa, na kwamba gari lilikuwa linaruka kwa miezi miwili kabla ya hapo, nami nikiliendesha kwenda kazini kila siku bila kumwambia kaka, kwa sababu lilikuwa bado linaenda.

Kaka alikaa kimya, kisha akauliza swali ambalo bado naliheshimu. "Kama alijua linaweza kufa, kwa nini aliligusa? Yeye ndiye fundi."

Tukikubali kwamba asiguse, basi tumekubali kwamba kilicho kigonjwa kisitibiwe ila kwa dhamana ya kupona, na dhamana hiyo hakuna fundi, daktari wala mwalimu mkweli anayeweza kuitoa. Lakini pia sidai kwamba fundi hawezi kukosea. Wapo wanaomimina oili yoyote mradi ni nyekundu, hata kwenye giaboksi inayodai oili ya aina yake pekee, na gari likifa hapo, aliyemimina ndiye aliyeliua. Kwa hiyo kuuliza nani aligusa mwisho hakutoshi. Inabidi kuuliza alisoma nini kabla ya kugusa, alimwambia nini mwenye mali, na kama kazi yake inaweza kuonekana baada ya kumalizika. Fundi wetu alisoma stiki. Alisema. Na zile chupa chini ya benchi, ndipo nilipozielewa: alikuwa anatunza ushahidi kwa ajili ya kikao kama kile, kwa sababu vikao vya namna ile amekaa vingi.

Hilo ndilo linaloniuma. Mtu anayefanya kazi vizuri amejifunza kuifanya kama mtuhumiwa. Na wengine hawajifunzi kutunza chupa, wanajifunza njia nyepesi zaidi: kutofungua. "Endesha tu hivyo hivyo, Mwalimu," watakuambia, huku harufu ya ukoko wameisikia. Tunapomwadhibu anayefunua ubovu, ubovu haupungui. Wanaopungua ni watu wa kutuambia.

Tulilipa sisi wawili, kaka na mimi, na mimi nikachukua sehemu kubwa. Kaka hakufurahi, ila hakubisha. Jumatatu nilikwenda gereji. Fundi alikuwa chini ya gari la mtu, miguu tu ikionekana. Nilimwambia samahani, nikiwa nasema na viatu vyake: kwa zile siku nilizonyamaza, na kwa jina lake lililotembea mtaani wakati picha iko mfukoni mwangu. Hakutoka mara moja. Nilisikia spana ikiendelea, kisha ikasimama.

Alitoka, akajifuta mikono, akasema yameisha. Akauliza giaboksi mpya imefungwa lini. Nikamwambia wiki ijayo, kwa fundi mwingine aliyetafutwa na kaka. Akatikisa kichwa kukubali. "Hata hiyo ni ya kutumika. Msikae nayo miaka bila kuangalia oili."

"Nitaileta kwako," nilisema.

Alifikiri kidogo. "Ukileta," alisema, "njoo na kaka yako. Nataka anuse mwenyewe."