Je, Dawa za Sonona ni Upungufu wa Imani?



Kijana mwenzangu, kuna swali ambalo vijana huniuliza kwa sauti ya chini, Misa ikishaisha na watu wameanza kutawanyika: "Frateri, nikienda kwa daktari kwa sababu ya sonona, si ni kama nasema Mungu hanitoshi?"

Mimi mwenyewe niliugua sonona kali nikiwa nasoma falsafa. Usingizi ulikuwa unakatika saa nane usiku na haurudi. Chakula hakikuwa na ladha. Kwenye Masifu ya asubuhi midomo ilisogea, moyo ukiwa kama jiwe. Wapo walioniambia ni pepo, na wengine eti sisali vya kutosha. Leo naendelea vizuri, kwa dawa, mazungumzo na mshauri, na kubadili namna ya kuishi. Kwa hiyo swali hili nalijua kwa ndani.

Tuanze kwa kutofautisha mambo mawili. Kuna uvivu wa kiroho, yaani mtu anaweza kutenda jema lakini analikwepa. Kuna pia dhambi ya kukata tamaa, pale utashi unapoikataa huruma ya Mungu. Sonona si hayo. Ni ugonjwa unaoshika usingizi, hamu ya kula, kumbukumbu na nguvu. Dhambi ya mauti inahitaji ujuzi na hiari kamili, na hakuna anayeamka asubuhi akachagua sonona. Katekisimu, namba 2282, inakiri kwamba matatizo makubwa ya kisaikolojia yanaweza kupunguza uwajibikaji wa mtu. Basi usimhukumu mgonjwa, hata kama mgonjwa huyo ni wewe.

Pili, mwanadamu ni nani? Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha kuwa roho haikai mwilini kama abiria ndani ya daladala. Mwili na roho ni mtu mmoja. Ndiyo maana, katika Summa, anapouliza huzuni inatulizwa na nini, anataja machozi, huruma ya marafiki, kutafakari ukweli, halafu usingizi na kuoga! Thomas hakuwa anaandika kuhusu sonona kama madaktari wanavyoielewa leo, lakini msingi wake unatusaidia: neema haiharibu maumbile, inayakamilisha.

Soma pia 1 Wafalme 19. Nabii Elia yuko chini ya mti anaomba afe. Malaika hamkemei. Anampa mkate na maji, anamwacha alale, kisha anamlisha tena. Mazungumzo na Mungu pale Horebu yanakuja baadaye.

Utasema, "Lakini Yesu aliponya kwa neno tu." Kweli. Ila hakuna mahali alipowalaumu wagonjwa kwa kwenda kwa waganga, na Yoshua bin Sira, sura ya 38, anafundisha kuwa tabibu na dawa vyote ni kazi ya Mungu.

Hapa Bagamoyo, Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868. Ukitembelea makaburi yao utaona wengi walikufa vijana, homa zikiwamaliza. Nani atathubutu kusema waliugua malaria kwa sababu imani yao ilikuwa ndogo? Sasa kama malaria inatibiwa bila aibu, kwa nini sonona tuifiche?

Tusidanganyane, kupona ni kwa polepole. Dawa za sonona kwa kawaida huchukua wiki kadhaa kuleta nafuu, na ukijisikia vizuri usiziache ghafla bila daktari. Zikikuletea shida mwambie, anaweza kubadilisha. Mimi ilibidi pia nijifunze kulala saa ileile kila siku, kuiacha simu mbali na kitanda, kula hata nisipotamani, na kutembea ufukweni alfajiri wakati wavuvi wanarudi. Siku za mwanzo nilifika hatua chache tu nikarudi. Matembezi hayakuchukua nafasi ya dawa, wala dawa haikuchukua nafasi ya sala. Kila kimoja kilifanya kazi yake.

Jina la mji huu wengi hulieleza kuwa ni "bwaga moyo". Wapo wanaosema ni kilio cha watumwa waliokata tamaa walipoiona bahari. Wengine wanasema ni pumziko la wapagazi waliotua mizigo baada ya safari ndefu kutoka bara. Maneno ni yaleyale, lakini yanabeba mioyo miwili tofauti. Mwenye sonona anaijua vizuri ile ya kwanza. Na aliyewahi kubeba mzigo mzito kichwani anajua kwamba ili autue salama, mara nyingi huhitaji mtu wa kumtua.

Kwa hiyo mtafute wa kukutua: daktari, mzazi, padre, rafiki. Na kama mawazo ya kufa yanakujia, usibaki peke yako; mwambie mtu leo hii na mwende pamoja hospitali iliyo karibu. Wewe uliye mzima, usianze na mahubiri. Mpelekee mwenzako chakula, kaa naye, msindikize kliniki.

Tuombe: Ee Bwana, uliyemlisha Elia jangwani, wape nguvu leo wote waliochoka kuishi. Wabariki wanaowatibu, na utufundishe kutuana mizigo. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.