Deni la Pasipoti

Mtu aliyehama nchi anadaiwa nini nayo? Mataifa mengi hutazama makazi: unapoishi, ukatumia barabara na hospitali, ndipo unapolipa kodi. Marekani hutazama pasipoti. Raia wake, hata akiishi Nairobi au Paris tangu utotoni, ana wajibu wa kuieleza mapato yake kila mwaka.

Mwaka 1924, katika kesi ya Cook dhidi ya Tait, Mahakama ya Juu ya Marekani ilitetea utaratibu huo. Cook aliishi Mexico, na mapato yake yalitoka huko huko. Majaji walisema serikali humfaa raia na mali yake popote alipo, hivyo ina haki ya kumtoza. Hoja hii haipuuziki: machafuko yakizuka ugenini, mwenye pasipoti hukimbilia ubalozi wake.

Lakini kulipa na kuripoti ni mambo mawili. Anayelipa hutoa sehemu ya alichonacho. Anayeripoti hujianika, hata kama hadaiwi senti. Raia ambaye akaunti zake za nje zimepita jumla ya dola 10,000 wakati wowote katika mwaka lazima azitaje zote. Alexandru Bittner, mzaliwa wa Romania aliyepata uraia wa Marekani kisha akarudi kwao, hakuwasilisha taarifa hizo kwa wakati kwa miaka 5. Serikali, bila kudai kwamba alikusudia, ilihesabu kila akaunti kuwa kosa na kumtoza faini ya dola milioni 2.72. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu iliamua, majaji 5 kwa 4, kwamba kosa huhesabiwa kwa ripoti. Faini ikashuka hadi dola 50,000.

Watetezi watasema matajiri huficha fedha, na ni kweli: mwaka 2009 benki ya UBS ya Uswisi ilikubali kulipa dola milioni 780 kwa kuwasaidia Wamarekani kukwepa kodi. Mwaka uliofuata ikaja sheria ya FATCA: benki ya nje isiyowataja wateja wake Wamarekani hukatwa asilimia 30 ya malipo fulani yatokayo Marekani. Baadhi ya benki ziliona nafuu kuwakataa wateja hao kabisa.

Hata hivyo, nchi zaidi ya 100 zilipokubaliana kupashana habari za akaunti kwa utaratibu wa shirika la OECD wa mwaka 2014, Marekani haikujiunga. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Kama uwazi ni wajibu wa haki, unamfunga pia anayeudai. Asipokubali kufungwa nao, anachodai ni utiifu tu, na utiifu haugeuki kuwa deni kwa sababu mtu alizaliwa New York.