Baridi ya mtoto mchanga ni dhima ya nani?

KAULI ya kwamba kazi ya Mungu haina makosa ni kauli ya haki, na Muislamu aliyefiwa hana kimbilio lililo bora kuliko hilo. Hata hivyo, yapo matumizi ya kauli hii ambayo yamekuwa yakinitatiza kila inapofika miezi ya Juni hadi Agosti, msimu wa kipupwe, hapa kwetu Arusha na katika miji mingine ya baridi kama Mbeya, Njombe na Lushoto. Kitoto cha siku nne kinafariki. Watu wanakusanyika, wanazika, wanapeana mkono wa pole na kutawanyika. Hakuna anayeuliza kitoto kile kililala vipi usiku ule, wala mama yake alikula nini.

Swali langu ni hili: je, kuamini kadari kunatuondolea wajibu wa kujihesabu? Mimi nasema hapana. Kadari ni faraja baada ya mtu kutimiza wajibu wake. Anayeitanguliza kabla ya wajibu anaifanya kuwa pazia la uzembe.

Tuanze na kuelewa baridi inavyofanya kazi. Mtoto anazaliwa akiwa amelowa, na maji yale yanapokauka mwilini huondoka na joto lake. Kichwa chake ni kikubwa ukilinganisha na kiwiliwili, ngozi yake ni nyembamba, na hana uwezo wa kutetemeka kama sisi ili ajipatie joto. Joto la mwili wake linatakiwa liwe kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Likishuka chini ya hapo, miguu inakuwa ya baridi, ananyong'onyea, anaacha kunyonya, na kwa kuwa hanyonyi anazidi kupoa. Mara nyingi halii. Wenye nyumba wanasema mtoto ametulia, kumbe anazimika.

Kinga yake si ya gharama kubwa. Mtoto akaushwe mara tu anapozaliwa, awekwe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, wafunikwe wote wawili, avishwe kofia na soksi, na anyonyeshwe ndani ya saa ya kwanza. Shirika la Afya Duniani linashauri asiogeshwe mpaka zipite saa 24. Kwa watoto njiti, kule Bogotá nchini Colombia, tangu mwaka 1978 madaktari walianza kuwafunga kifuani kwa mama zao kwa uhaba wa mashine za joto. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa Tanzania. Ulionyesha kwamba watoto wenye uzito wa kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8 waliowekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa walifariki wachache zaidi, kwa robo nzima, kuliko waliosubiri kwanza hali zao zitulie. Kifua cha mama hakiuzwi dukani.

Lakini kuna mapenzi yanayoua. Familia inaona chumba ni cha baridi, inaingiza jiko la mkaa, inafunga mlango na kuziba madirisha. Mkaa unaoungua hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushika damu na kuizuia isibebe hewa safi. Mtu anapitiwa na usingizi asiamke. Kwa mja mzito hatari ni maradufu, maana sumu ile humfikia pia aliye tumboni. Anayefanya hivyo hana nia mbaya, ila nia njema haisafishi hewa. Jiko libaki nje.

Mja mzito naye ana haki zake. Msimu wa baridi watu hujifungia ndani na mafua husambaa, na mafua makali humwelemea mwenye mimba kuliko wengine, ndiyo maana tangu mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani limemweka katika kundi la kwanza kwa chanjo ya mafua, pale inapopatikana. Anahitaji chakula cha moto, maji ya kunywa ya kutosha hata kama hasikii kiu, na kliniki mapema anapopata homa au kubanwa na kifua.

Wapo kina mama wanaodhani kwamba kujitesa ndiyo ucha Mungu. Sheria yetu haisemi hivyo. Mja mzito na anayenyonyesha wakihofia madhara wana ruhusa ya kufungua mwezi wa Ramadhani. Amr bin al-As, akiwa safarini katika usiku wa baridi kali, alihofia kuoga janaba, akatayamamu na kuswalisha wenzake. Habari ilipomfikia Mtume (saw) alicheka na hakumlaumu. Ikiwa baridi ilikuwa udhuru kwa askari, vipi tumwone mja mzito anayepasha maji ya udhu kuwa ni mdekaji?

Sasa dhima ni ya nani? Mtoto akifa, wa kwanza kunyooshewa kidole ni mama. Lakini Suratul Baqara, aya ya 233, imemwekea baba jukumu la chakula na mavazi ya mama anayenyonyesha. Blanketi ni katika mavazi. Mume anayetoka alfajiri akimwacha mzazi wa wiki moja akachote maji bombani, kisha jioni akauliza kwa nini mtoto anakohoa, anajiuliza mwenyewe.

Na dhima haiishii kwa mume. Wanahistoria wanasimulia kwamba Umar bin Khattab alikuwa akitoa posho kwa watoto walioachishwa ziwa tu. Usiku mmoja akasikia kitoto kinalia mno, akaambiwa na mama yake kwamba anamwachisha mapema ili apate posho ya Umar. Alitoka pale akilia, akaamuru kila mtoto apewe posho tangu kuzaliwa. Hakusema ni kadari. Alitazama ni utaratibu gani wa utawala wake uliomliza mtoto yule, akaubadilisha.

Desemba 2024 na Januari 2025 tulisikia habari za vitoto vilivyokufa kwa baridi ndani ya mahema huko Gaza. Tulilia, tukaomba dua, na tulifanya vyema. Lakini nauliza, yule mpangaji wa chumba kimoja uani, ambaye mumewe yuko safarini naye amejifungua juzi, nani amembishia hodi? Chozi la mbali halina gharama. Jirani anadai shuka.

Wapo watakaosema kwamba wazee wetu walizaliwa bila kofia wala kliniki na wakakua. Ni kweli, waliokua ndio tunaowaona barazani. Wasiokua hawakubaki kutoa ushahidi. Waulizeni bibi zenu walizaa wangapi na walizika wangapi.

Ninapendekeza jambo dogo. Kabla ya Juni, kila msikiti katika miji ya baridi, kupitia kina mama wake, uwafahamu waja wazito wa mtaa wao. Kwa kila mwenye dhiki zitengwe shuka mbili, kofia ya sufu, soksi na nauli ya kwenda hospitali usiku. Khatibu naye atumie Ijumaa moja kueleza hatari ya jiko la mkaa chumbani na hukumu ya kufungua kwa mja mzito. Baada ya hapo, kitoto kikifariki, tutasema kazi ya Mungu haina makosa, nasi tutakuwa tumefanya yaliyokuwa katika uwezo wetu.

Wabillahi tawfiq.