Medali ya Fedha na Skapulari ya Nguo

Watu wa Kambove wanajua thamani ya madini. Mababu wa Katanga waliyeyusha shaba wakafanya misalaba ya kutolea mahari, kabla ya kusikia habari za Msalaba wa Bwana. Je, ndugu wa chama avaaye medali ya fedha humheshimu Mungu kuliko mwenzake avaaye kitambaa? Mwenye heri Isidore Bakanja, aliyebatizwa mwaka 1906, alivaa skapulari ya nguo tu. Msimamizi wa shamba huko Ikili alimwamuru aivue. Akakataa, akapigwa mijeledi hata mgongo ukaoza. Mwaka 1910 Papa Pius X aliruhusu medali iliyobarikiwa ivaliwe badala ya nguo. Fedha au shaba, baraka ni ile ile. Bakanja hakuiona ruhusa hiyo. Alikufa tarehe 15 Agosti 1909, akiisha kumsamehe mpigaji, skapulari yake shingoni.